Santuri Imerudi, Lebo Yake Bado Haijafika Kituku

Kituku, bandari ya Goma, pale mashua za Idjwi na Minova zinaposhusha ndizi, maharagwe, makala na sambaza, muziki nao ni bidhaa, na huuzwa kwa kipimo. Kipimo chake ni gigabaiti. Vijana wanaotengeneza simu hukaa na kompyuta iliyojaa nyimbo, na kwa faranga chache humjazia mteja kadi ya memori au flashi: rumba ya zamani, za kanisani, bongofleva, mchanganyiko wa DJ kutoka Nairobi. Mteja anaondoka na nyimbo mia tano, na mara nyingi hajui ni nani aliyetunga hata moja kati yake. Faili zinaitwa “Track 07”, au “Franco 12”, au “Rumba ya wazee”. Biashara hii siilaumu. Bila hiyo, sehemu kubwa ya muziki wa Kongo isingesikika kabisa mashariki ya nchi, kwa sababu data ya simu ni ghali na duka la muziki lenye rafu ni jambo la kizazi kilichopita. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba muziki uliofika hapa umefika ukiwa mzima wa sauti na mtupu wa karatasi, na kwamba kurudi kwa santuri kunakozungumzwa sana huko Ulaya na Marekani kunatuhusu kwa sababu ya upungufu huo, wala si kwa sababu zile ambazo wapenzi wa santuri wenyewe hupenda kuzitaja.

Tuanze na takwimu, maana zipo na zinashangaza. Mwaka 2022 Wamarekani walinunua santuri zipatazo milioni 41 na CD milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 kwa santuri kuipita CD kwa idadi. Mwaka uliofuata santuri zilifika milioni 43 na kuingiza dola bilioni 1.4. Nambari hizi zisimlevye mtu. Huko huko Marekani zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya muziki uliorekodiwa hutoka kwenye huduma za kusikiliza kwa intaneti, kwa hiyo santuri haikurudi kwenye kiti chake cha enzi. Imepewa kigoda pembeni, kigoda kizuri chenye faida. Kuna utafiti mwingine wa soko la Marekani, uliotolewa 2023, ambao kwangu una uzito kuliko mabilioni hayo: karibu nusu ya wanaonunua santuri hawana mashine ya kuzipigia. Mtu anatoa dola 30 kwa kitu kinachotoa sauti, kisha haisikilizi sauti hiyo. Anakitundika ukutani, anakipanga kwenye rafu, anasikiliza wimbo ule ule kwenye simu. Lazima basi kuna kitu kingine anachokinunua.

Wapenzi wa santuri watajibu kwamba wananunua sauti yenye joto, sauti hai, isiyokatwakatwa vipande na kompyuta. Hoja hiyo haikai vizuri ukiipima. CD hunasa sauti zote ambazo sikio la binadamu linaweza kuzisikia, bila mkwaruzo wa sindano. Santuri, kinyume chake, huwalazimisha mafundi kupunguza besi ili sindano isiruke, na kadiri sindano inavyokaribia katikati ya sahani ndivyo sauti inavyopoteza uwazi. Joto linalosifiwa kwa sehemu kubwa ni kasoro iliyozoeleka na kupendwa, jambo ambalo si dhambi. Ushahidi uliomaliza ubishi ulikuja Julai 2022. Kampuni ya Marekani iitwayo Mobile Fidelity, inayoheshimiwa na wasikilizaji wenye masikio makali kuliko wote, ilikiri kwamba santuri zake nyingi, zilizodhaniwa kutoka moja kwa moja kwenye kanda za asili, zilipitia hatua ya dijitali. Kwa zaidi ya miaka kumi wateja wake, wengine wenye mitambo ya maelfu ya dola, walizisifu bila kugundua lolote. Sikio halikutambua tofauti. Kilichowaumiza walipoambiwa ni kwamba hati ya asili ya kitu walichonunua haikuwa ya kweli.

Hapo ndipo penye kiini. Santuri ni sauti iliyobeba cheti chake mwilini. Chukua sahani ya mizunguko 45 iliyotolewa Kinshasa miaka ya 1960 au 1970. Kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati utakuta jina la wimbo, aina yake (rumba, bolero, cha-cha, soukous), jina la mtunzi kwenye mabano, jina la okestra, jina la kampuni au la mwanamuziki aliyeitoa, na namba ya toleo. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona namba nyingine zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe, kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati. Ni namba za kiwandani, na ndizo zinazomwezesha mtafiti kupanga sahani mia mbili kwa mfuatano wa miaka hata kama hakuna tarehe iliyoandikwa popote. Karatasi inaweza kubanduka. Namba zile haziondoki ila uivunje sahani. Faili la kadi ya memori nalo lina nafasi ya kuandika haya yote, tena bila gharama yoyote. Tofauti ni kwamba kwenye faili habari hizo ni hiari, na cha hiari hupotea kwenye nakala ya kwanza tu.

Hasara yake si ya kitaaluma tu. “Mabele” ya mwaka 1974 ni mfano ulio karibu. Kwenye simu nyingi wimbo huu ni wa Franco, basi. Aliyeutunga ni Simaro Lutumba, mpiga gitaa wa bendi ya TPOK Jazz, mtu aliyeitwa mshairi kwa haki. Aliyeuimba ni Sam Mangwana. Franco alikuwa mwenye bendi. Lebo ya sahani humtaja mtunzi kwa herufi zilizochapwa, na nakala ya nakala ya nakala inasema “Franco”. Simaro alifariki Machi 2019 akiwa na heshima zake zote, na kwake jina limehifadhiwa na wengi wanaolijua. Lakini watunzi wa daraja la pili na la tatu, wale waliotoa nyimbo nne au tano kisha wakanyamaza, hawana mtu wa kuwashuhudia isipokuwa mabano yale madogo kwenye karatasi. Nchi inayo shirika la haki za watunzi, SOCODA, lililochukua mwaka 2011 nafasi ya SONECA ya zamani. Hata likifanya kazi yake kwa uaminifu kamili, litamlipa nani kwa ajili ya “Track 07”?

Kuna kingine kinachopotea pamoja na jina, nacho ni umbo la wimbo. Sahani ndogo ina nafasi ya dakika chache kila upande, na wanamuziki wa Kinshasa waliigeuza shida hiyo kuwa ufundi. Upande wa kwanza uliwekewa mashairi, polepole, hadithi ikisimuliwa. Upande wa pili, ulioandikwa sehemu ya pili, ukawa wa sebene, magitaa yakifunguliwa na wachezaji wakipewa haki yao. Nairobi ilifuata mtindo huo huo, na nyimbo nyingi za Kiswahili za miaka ya 1970 zilitoka katika sehemu mbili. Msikilizaji aliinuka, akageuza sahani, na kituo kile cha kugeuza kilikuwa sehemu ya utunzi. Walioihamisha miziki hii kwenye kaseti na baadaye kwenye kompyuta wakati mwingine waliziunga sehemu mbili vizuri, wakati mwingine waliziunga vibaya, na mara nyingine walichukua upande mmoja tu. Ndiyo maana utasikia kwenye nganda, yaani baa, wimbo unaokatika ghafla pale unaponoga, na mtu wa miaka ishirini ataamini kwamba ulitungwa hivyo. Asiye na sahani hana namna ya kujua kwamba kuna nusu nyingine. Sahani humwambia: imeandikwa “1”, kwa hiyo ipo “2”, igeuze.

Thamani ya cheti hiki inapimika vizuri zaidi pale kilipotumika. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, aliwanasa wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakiimba wimbo ujulikanao kama “Chemirocha”. Tracey alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na mengi aliyoyaandika kuhusu Waafrika yana harufu ya zama hizo. Lakini alikuwa na tabia moja njema ya ukarani: aliandika mahali, kabila, majina ya waimbaji na ala, na hayo yakabaki yamefungamana na sahani. Kwa sababu hiyo, zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba aliyoianzisha, ambayo leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, iliweza kurudisha nakala kwa Wakipsigis wenyewe, kwa watu wenye majina. Sauti peke yake isingewafikisha huko. Tracey huyo huyo mwaka 1952 alipita Kongo na Ruanda-Urundi, na huko Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi kijana Jean Bosco Mwenda. “Masanga” yake ilienda hadi Marekani na Ulaya, ikawafundisha wapiga gitaa wa huko mbali. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Kongo, lugha inayoeleweka bila mkalimani katika kila kibanda cha Kituku. Lakini katika kadi zinazojazwa pale, uwezekano wa kumkuta Mwenda ni mdogo, na ukimkuta, uwezekano wa kumkuta kwa jina lake ni mdogo zaidi.

Sasa pingamizi. La kwanza, na lenye nguvu, ni kwamba lebo nazo husema uongo. Wenye kampuni walijiandika watunzi, viongozi wa bendi walimeza nyimbo za vijana wao, na makarani wa Kigiriki na Kibelgiji waliandika majina ya Kikongo walivyoyasikia. Ubishi wa “Malaika” unajulikana Afrika Mashariki nzima: Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na jina lake likashika, lakini Adam Salim wa Tanzania alidai hadi uzeeni kwamba wimbo ni wake, na wapo wengine waliotajwa. Kweli, lebo haikuumaliza ubishi huo. Lakini tazama kwamba ubishi wenyewe umewezekana kwa sababu kuna maandishi ya kubishania. Lebo ni shahidi, si hakimu. Shahidi anaweza kudanganya, na akidanganya anaweza kuhojiwa, kulinganishwa na mashahidi wengine, kukamatwa kwa tofauti ya namba. Faili lisilo na jina halidanganyi kwa sababu halisemi kitu, na katika ukimya huo mwenye nguvu hushinda bila hata kuulizwa.

La pili ni la vijana wenye intaneti: kila kitu kipo mtandaoni, mwenye kutaka jina la mtunzi atafute. Kwa sehemu wako sahihi. Kuna hazina kubwa ya kumbukumbu kama Discogs, iliyoanza mwaka 2000, ambamo maelfu ya sahani za Kongo na Kenya zimeorodheshwa upande kwa upande. Lakini orodha ile ilijengwaje? Watu walikaa na sahani mkononi, wakasoma lebo, wakanakili namba za kiwandani, wakapiga picha. Maarifa yale yote ya dijitali yananyonya titi la plastiki. Sahani ambayo hakuna aliyeisoma haimo, na nyingi ya hizo ziko huku kwetu, kwenye masanduku ya familia za Goma na Bukavu, au zilikuwako. Na huduma kubwa za kusikiliza zimepokea rumba kupitia mikusanyo ya CD ya miaka ya 1990, ambayo mara nyingi ilimtaja nyota na kuwasahau watunzi. Kosa la kaseti likapanda CD, la CD likapanda mtandao, na sasa linaonekana kama ukweli kwa sababu linaonekana kila mahali.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kusikiliza ukiwa Goma. Mji uliozika watu wake waliozama mbele ya bandari hii hii ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, kwa kuwa vita vilifunga barabara na mashua zikajazwa kupita kiasi. Mji ulioingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na benki zake zikafungwa. Mji huo unaambiwa habari za santuri? Sahani moja mpya Ulaya inauzwa mara nyingi kwa zaidi ya dola 25. Umeme hukatika. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo, linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa, ni adui wa mifereji ya santuri kuliko mchanga wowote. Nakubali yote. Na kwa sababu nayakubali, sipendekezi Goma inunue mashine za santuri, wala sitaki kiwanda cha kufyatulia sahani kando ya ziwa. Kinshasa ilikuwa nacho kiwanda, MAZADIS, ambacho Franco mwenyewe alikuja kukishika katika miaka ya Zaire, na Nairobi ilikuwa na vyake. Kaseti na uchumi uliooza vilivinyamazisha vyote kufikia miaka ya 1990, na leo santuri nyingi za dunia zinafyatuliwa na viwanda vichache, kikubwa kuliko vyote kikiwa katika kijiji cha Jamhuri ya Cheki. Mbio hizo si zetu. Anayefungua klabu ya santuri kwenye hoteli ya kando ya ziwa na afungue, ni starehe kama nyingine.

Lakini umaskini na vita ndivyo hasa vinavyoifanya sahani ya zamani iwe na maana hapa kuliko London. Linganisha na Tanzania. Nchi ile ilitegemea redio: bendi zilirekodiwa kwenye kanda kubwa za Radio Tanzania Dar es Salaam, na ni sehemu tu ya muziki huo iliyofika kwenye santuri, ikifyatuliwa Nairobi. Kanda ilikuwa moja, kwenye chumba kimoja. Chumba kikivuja, miaka kumi ya muziki inavuja nacho, na ndiyo sababu Watanzania wenye uchungu na hazina ile wamepiga kelele kutaka kanda zile zihamishiwe kwenye dijitali kabla hazijaoza. Santuri ya Kinshasa ilitoka kwa mamia na maelfu, ikasambaa mito na barabara zote. Hakuna aliyepanga iwe hifadhi, lakini hakuna hifadhi bora kwa nchi isiyo na amani kuliko nakala nyingi mahali pengi. Lava ya 17 Januari 2002 iliufunika moyo wa Goma na kuwaacha watu wapatao laki moja na ishirini elfu bila nyumba. Kilichokuwa kwenye kabati za nyumba hizo kiliteketea. Sahani pacha za zile zilizoteketea, hata hivyo, ziko Kisangani, Kampala, Nairobi, Brussels. Kilichopotea hapa kinaweza kupatikana kwingine, mradi mtu ajue anatafuta nini, yaani jina na namba.

Tena kuna haraka, kwa sababu kurudi kwa santuri huko ng'ambo kumeyapa bei masanduku ya huku. Wanunuzi wa sahani za Kiafrika wamekuwa wakizunguka Nairobi, Kampala na Kinshasa kwa miaka, na sahani iliyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana hupata Ulaya bei ya mshahara wa mwezi. Siwatii wote katika kapu moja la lawama. Planet Ilunga ya Ubelgiji, kwa mfano, imetoa upya kwenye santuri kazi za Franco za enzi ya lebo ya Loningisa, na za mwanamuziki Kabasele za lebo yake mwenyewe ya Surboum African Jazz, aliyoianzisha 1960, zikiwa na maelezo ya nani alipiga nini na lini, kazi ambayo hakuna taasisi ya serikali yetu iliyoifanya. UNESCO nayo iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha yake Desemba 2021, kukawa na hotuba. Hata hivyo mwelekeo wa biashara ni uleule wa kobalti: kitu kinatoka kikiwa ghafi, kinarudi kikiwa na ganda zuri na bei ambayo mwenye asili hawezi kuilipa. Mjukuu wa mpiga besi akitaka kuona jina la babu yake kwenye lebo, itambidi amwombe mtu wa Antwerp amtumie picha.

Simzuii mwenye sanduku kuuza. Njaa haisubiri hifadhi. Lakini bei isiwe ya fedha peke yake. Kabla sahani haijatoka mlangoni, muuzaji apige picha ya lebo zote mbili na ya ganda kama lipo, kwa simu ya kawaida tu, huku mwanga ukiangukia namba za kiwandani kutoka ubavuni ili zisomeke. Kisha amdai mnunuzi kitu ambacho hakimgharimu mnunuzi chochote, kwa kuwa atakifanya kwa vyovyote: nakala ya sauti ya pande zote mbili, “1” na “2”, irudishwe kwa muuzaji ndani ya mwezi. Nakala hiyo ifike kwa wale vijana wa kadi ya memori, ambao ndio mtandao wa usambazaji wa kweli wa mji huu, ikiwa na jina la mtunzi, la okestra na namba ya toleo ndani ya jina la faili lenyewe, kwa kuwa hapo hata simu ya bei ndogo kabisa huyaonyesha. Wao wanajua kunakili haraka kuliko maktaba yoyote. Bado hakuna aliyewapa kitu chenye jina wakinakili.